Kibuyu Kilichobaki Munyaka

Nilipokuwa nikisomea uhandisi wa viwanda nilitembea na saa ya kupimia mbio, ile ya kubonyeza, ikining'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Watu wa Kesses, kijiji kilicho karibu na chuo chetu, waliponiona mara ya kwanza walidhani mimi ni kocha wa wakimbiaji aliyepotea njia ya Kaptagat kwenye kambi za mazoezi. Nikawaambia hapana, mimi napima maziwa. Walinionea huruma, maana kila mtu anajua maziwa yanapimwa kwa kikombe.

Chumba changu kilikuwa katika ploti ya mama mmoja Mkalenjin: vyumba sita vya mabati vilivyopangishwa wanafunzi, na nyuma yake boma la ng'ombe wanne. Mama alikuwa mwembamba, mwepesi wa hasira na mwepesi zaidi wa kuisahau. Mimi nilitoka kule ziwani, na sheria yake ya kwanza kwangu ilihusu omena, wale dagaa wetu.

"Hiyo samaki yako upikie huko mbali," aliniambia siku niliyofungua kifurushi cha kwanza kutoka nyumbani. "Maziwa inashika harufu. Ikishika, imekwisha."

Kwa hiyo miaka yote niliyoishi pale nilipika omena nyuma ya choo, na Mama akawa anapita ameziba pua kwa leso hata siku ambazo nilikuwa nachemsha chai tu.

Nyumba ya maziwa ilikuwa chumba kidogo cha udongo chenye misumari kumi na miwili ukutani. Kwenye kila msumari kilining'inia kibuyu kirefu chenye kamba ya ngozi, ambacho wao hukiita sotet. Humo ndimo alimotengeneza mursik, yale maziwa ya kugandishwa yenye ladha ya moshi. Alichukua kijiti cha mti wa senetwet, akakichoma mpaka kikawa kaa, akasugua nacho kibuyu kwa ndani hadi kuta zote zikawa nyeusi, ndipo akamimina maziwa yaliyochemshwa na kupozwa. Halafu alifunga na kungoja siku kadhaa. Nikifumba macho leo bado nasikia ile harufu ya masizi na maziwa, na huwa nataka kurudi pale nikae kwenye kile kigoda chenye mguu mmoja mfupi.

Utafiti wangu ulikuwa wa kufuata chakula cha mzalishaji mdogo, tangu kinapotengenezwa hadi kinapoliwa, na kuona muda unapotelea wapi. Wenzangu walikwenda kwenye vinu vya unga na viwanda vya mbao. Mimi nilichagua mursik ya Mama kwa sababu ilikuwa hatua ishirini kutoka kitandani kwangu, na nilikuwa mvivu wa kuamka mapema. Kila nilipobonyeza saa, Mama aliacha kazi na kunisalimia upya, akaniuliza habari za wazazi, akaniuliza habari za ziwa. Nikimwambia aendelee kana kwamba mimi sipo, alicheka hadi akashika ukuta.

"Na hiyo saa yako," aliniuliza, "inajua kungoja maziwa igande? Ama inajua kukimbia tu?"

Vibuyu vikiwa tayari vilipangwa ndani ya viondo, na Msomali mmoja mwenye duka la jumla mjini alivichukua. Alikuwa na pikapu nyeupe aliyoiendesha mwenyewe, akileta sukari na sabuni kwenye maduka ya Kesses kila Jumamosi, na hakuona sababu ya kurudi mjini na gari tupu. Alivishusha Munyaka, mtaa wa pembeni mwa mji, kwenye hoteli ya mama mmoja Mkikuyu, meza nne na mabenchi, chapati, maharagwe, na mursik kwa bilauri. Hao mama wawili walikuwa wamefanya biashara tangu mimi sijajua kusoma, na sikuwahi kusikia mmoja akimsifu mwenzake. Mama alisema yule wa hoteli ana maneno mengi. Yule wa hoteli alisema Mama ana kiburi cha watu wenye ng'ombe.

Sasa, mama wa hoteli hakurudisha chombo cha mtu kikiwa kitupu. Kwao ni aibu, kama ilivyo aibu kwetu. Wengine wangefunga zawadi pembeni, lakini yeye aliitia ndani ya kibuyu chenyewe: maharagwe makavu, ya kutosha mboga moja, yaliyopita kwenye ile shingo nyembamba punje kwa punje. Jumamosi iliyofuata pikapu ilipokuwa ikiingia uani vibuyu vililia kama kayamba, na Mama alitoka nje mikono kiunoni.

"Ameniharibia kibuyu yangu tena!"

Aliyamimina kwenye ungo, akatoa mawe, akavuta hewa kwenye mdomo wa kila kibuyu akinuna, kisha akaanza kuosha upya kwa maji moto. Jioni tulikula maharagwe. Siku moja nilimuuliza mbona asimwambie mwenzake aache, na akanitazama kana kwamba nimemtukania mtu.

Katika somo letu kila tendo lina alama yake kwenye mchoro. Kazi ni duara, safari ni mshale, kuhifadhi ni pembetatu. Nilichora mursik ya Mama kwenye karatasi kubwa na nikajivunia jinsi ilivyopendeza, ila sikupata alama ya maharagwe. Yalikuwa mzigo usioagizwa na mtu, katika chombo kisichowafaa, yakiongeza uoshaji wa dakika kumi na mbili kwa kila kibuyu. Nikazungushia sehemu ile kalamu nyekundu. Pembeni nikaandika, kwa mwandiko wangu mzuri wa wakati huo, kwamba safari ya kurudi haiongezi thamani.

Dawa ilikuwa rahisi. Mursik igande kwenye kibuyu kama kawaida, kisha imiminwe kwenye chupa za plastiki zisizorudi. Vibuyu vibaki nyumbani, vijazwe tena siku hiyo hiyo. Nilimweleza Mama kwa mchoro, nikamwonyesha mahali palipo pekundu, na akainama juu ya karatasi muda mrefu. Alikubali kwa sababu mimi ndiye niliyesoma. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba hakushawishika, aliniheshimu tu.

Tulianza mwanzoni mwa Desemba. Pikapu ilipoleta vibuyu kwa mara ya mwisho, nilihesabu kumi na kimoja. Dereva alitikisa kichwa akicheka.

"Moja amekatalia. Amesema wateja wanataka kuona maziwa ikitoka kwa kibuyu, si kwa chupa ya soda."

"Gani hiyo?" Mama aliuliza.

"Ile imeshonwa shingo."

Kilikuwa cha zamani kuliko vyote, kilipasuka kikashonwa kwa uzi wa ngozi, na mshono wake ulionekana kutoka mbali. Mama alisema yule mwanamke ni mkaidi na amemwibia mchana kweupe. Dereva akanigeukia akaniambia, "Injinia, wallahi nimezoea kelele ya hiyo maharagwe. Sasa kiondo inarudi kimya." Nikacheka naye. Kwenye daftari nikaandika kwamba safari ya kurudi imeondolewa.

Uchaguzi ukaja mwishoni mwa mwezi ule ule, na matokeo yalipotangazwa mambo yakaharibika, kabila likageukia kabila. Sitaki kueleza mengi ambayo sikuyaona kwa macho. Nilichoona ni moshi upande wa mjini siku kadhaa mfululizo, mawe na magogo barabarani, na vijana wa kijiji waliokuwa wakinisalimia kwa utani sasa wakiniuliza kitambulisho. Chuo kilikuwa kimefungwa, na mimi sikuweza kwenda nyumbani. Mama alinihamishia kwenye nyumba yake, akaniambia nisitoke nje ya ua, na nikatii. 

Ng'ombe walikuwa hawajasikia habari za uchaguzi. Walikamuliwa asubuhi na jioni, maziwa hayakuwa na pa kwenda, na Mama akajaza vibuyu vyote alivyokuwa navyo. Vilipojaa vyote tukaanza kuwapa majirani, kisha ndama, kisha tukamwaga. Kila asubuhi aliingia nyumba ya maziwa na kuvipitia kimoja kimoja kwa kidole, na akifika kwenye msumari wa kumi na mbili, ambao haukuwa na kitu, alisimama. Tulikuwa tumesikia kwamba nyumba za Munyaka zimechomwa. Simu ya mama wa hoteli haikupatikana.

Siku moja alinikuta nikiwa nimesimama hapo hapo.

"Wewe msichana," alisema, polepole, bila hasira, na afadhali angekuwa na hasira. "Huku saa hii mtu akiulizia mtu wa kabila ingine, anaulizwa yeye maswali. Lakini mtu akiulizia vibuyu yake, nani atamkataza? Kama ungeacha vibuyu yangu iende na irudi, ningekuwa na kitu ya kuulizia. Sasa niulizie nini? Plastiki?"

"Kiko kimoja, Mama," nikasema.

Aliutazama ule msumari. "Ndiyo," akasema. "Iko moja."

Kuanzia siku hiyo alikaa langoni. Kila aliyepita akitokea upande wa mjini, awe kwa baiskeli au kwa miguu, Mama alimsimamisha. "Kuna kibuyu yangu ilibaki Munyaka. Imeshonwa kwa shingo. Hujaiona?" Wengine walimwona amerukwa na akili, kuulizia kibuyu wakati watu hawajulikani walipo. Wengine walielewa vizuri sana, wakainamisha macho na kusema hawajaiona. Wazee wawili wa kijiji walikuja kumwuliza ana shida gani. Aliwaambia ni kibuyu cha mama yake mzazi na hatalala mpaka akipate, na sijui kama ilikuwa kweli. Walikunywa mursik wakaenda zao.

Pikapu nyeupe ilirudi barabara zilipofunguka. Dereva alikuwa amekonda na kioo cha mbele kilikuwa na ufa, lakini alileta sukari. Mama alimwuliza kuhusu kibuyu kabla hajamsalimia, jambo ambalo sijamwona akilifanya kabla wala baada.

"Nimeiona," akasema dereva.

Mama akaketi chini, pale pale kwenye majani.

Alikuwa amepeleka unga kwenye kambi ya waliohama, kule uwanja wa maonyesho, na katikati ya mahema akaona kibuyu kimefungwa kwenye nguzo. Alikuwa amekibeba miaka mingi, asingeukosea mshono ule. Mwenyewe hakumwona, alikuwa kwenye foleni ya maji, lakini jirani alimwambia ni cha mama aliyekuwa na hoteli. Yu hai, na watoto wake wako naye.

Nilidhani Mama ataomba apelekwe siku ile ile. Badala yake aliingia ndani, akakaa na mgongo wake kwangu. "Nitamwangalia kwa macho gani?" alisema. "Watu wa kwetu wamemchomea." Akanituma mimi. Nikamwuliza nibebe nini, chupa mbili za mursik labda, na hapo hasira yake ya zamani ikarudi kwa mara ya kwanza tangu Desemba.

"Usimpelekee ile plastiki yako! Mwambie tu nauliza kibuyu yangu."

Nilimkuta mama wa hoteli akikunja blanketi mbele ya hema. Alikuwa mwanamke mnene mwenye kicheko, nami nilikuwa nimemzoea akiwa na aproni yenye unga. Pale alivaa koti la mwanamume na alionekana mfupi. Nilimsalimia. Nikamwambia Mama anauliza kibuyu chake. Akacheka, kicheko kile kile, hadi machozi yakamtoka.

"Ameulizia," alisema. "Nilijua tu."

Alinisimulia kwa ufupi. Siku waliyokimbia alichukua kitambulisho, blanketi, na watoto, na mkono wake ukachukua kibuyu kutoka kwenye meza, hajui kwa nini. "Mimi nilikatalia hiyo moja juu ya Mama. Ile plastiki inaenda, inaisha. Lakini najua yeye, hiyo kibuyu hawezi kuniachia. Lazima angetuma mtu." Nikaona nimwambie. Nikasema chupa zilikuwa wazo langu, mimi ndiye niliyeondoa vibuyu, na kwamba naomba msamaha.

"Nilijua ni wewe," akasema. "Mama hawezi kufikiria ujinga kama huo peke yake."

Alikifungua kibuyu kutoka kwenye nguzo, akaingia nacho ndani ya hema. Nilisikia sauti niliyoifahamu, punje moja, punje nyingine, zikianguka kwenye shingo nyembamba. Ilinichukua muda kuelewa, na nilipoelewa nikaingia bila kubisha. Alikuwa amepiga magoti mbele ya mfuko mdogo wa maharagwe ya msaada, mgao wao. Nikamwambia aache, hapa ni kambini, Mama ana shamba, Mama hatamlaumu. Hakuinua hata kichwa.

"Kwani wewe umewahi kuona nikirudisha kibuyu ya mtu tupu?"

Nilirudi Kesses nimekipakata mapajani kwenye pikapu, na kwenye kila shimo la barabara kililia. Dereva hakufungua redio njia nzima. Mama alikuwa langoni. Nina hakika alisikia kabla hajaona, kwa sababu alisimama gari likiwa bado mbali, mikono ikapanda kiunoni, kisha ikashuka tena.

Aliyamimina kwenye ungo. Yalikuwa ya rangi tatu, yamechanganyika na punje za mahindi na vijiwe vingi. Hayakuzidi ujazo wa mikono miwili. Mama aliyatandaza kwa kiganja na kuyatazama, na nikamwona akitambua ni maharagwe ya wapi.

"Ameniharibia kibuyu yangu," alisema, na akalia kwa sauti, kama mtoto, mbele yetu wote. Dereva aligeuka akajifanya anakagua matairi. Mimi nilijiketia chini nikalia pia.

Tulikula yale maharagwe jioni, vijiko vichache kila mmoja. Kibuyu alikiosha mwenyewe, akakitia masizi, akakijaza maziwa. Nilidhani kitangoja kwenye msumari wake, lakini alikataa, akakiweka kwenye kigoda karibu na mlango. "Hii haikai hapa," alisema. Jumamosi, maziwa yalipokuwa yameganda, kilipanda pikapu kwenda uwanja wa maonyesho, na Mama alikuwa amekaa kando ya dereva na leso yake mpya, uso ameukaza. Sijui walisemezana nini walipoonana. Nilipomwuliza aliniambia yule mwanamke bado ana maneno mengi.

Chupa za plastiki zilizobaki tukazitumia kwa mafuta ya taa. Mama wa hoteli alirudi Munyaka baada ya miezi mingi, akaanza na meza moja, na vibuyu vikawa vinakwenda na kurudi kama zamani. Mchoro wangu niliuchora upya. Kwenye mshale wa kurudi nilichora punje ndogo ya harage, na walimu walionihoji wakaniuliza hiyo ni alama gani. Niliwajibu vibaya, kwa maneno mengi, na nusura nifeli. Sikuifuta. Nyakati zile nilizichukulia kuwa za taabu, na kweli zilikuwa za taabu, lakini tangu hapo sijapata kuishi mahali ambapo ningejua ni Jumamosi kwa kusikia tu.

Mama alifariki miaka mingi baadaye, nikiwa tayari nafundisha. Vibuyu kumi na kimoja vilikuwa ukutani na watoto wake wakagawana. Mama wa hoteli alifika mazishini kwa mkongojo, akiwa amekumbatia kile cha mshono, maana zamu hiyo kilikuwa kwake. Alisimama pale uani, watu wakimpisha, na kibuyu kikilia kila alipopiga hatua. Kisha akatutazama mmoja mmoja.

"Sasa hii nirudishe kwa nani?" aliuliza.

Mikono yangu ndiyo iliyonyooka.

Nilipika yale maharagwe nyumbani kwangu, nikaosha kibuyu kwa maji moto, nikakiweka juu ya kabati la vitabu ofisini. Ulipita mwaka mzima nikikiona. Wanafunzi walikisifu, mmoja akanishauri nikipake vanishi. Mimi sina ng'ombe, sijui kuchagua kijiti cha senetwet, na kila Jumamosi nilijiambia wiki ijayo. Ukweli ni kwamba niliona haya. Chombo cha watu kilikuwa kimefika kwangu na kusimama.

Halafu kikaja kifurushi kutoka nyumbani. Nilikifungua mezani, na bila kufikiri sana nikashusha kibuyu na kuanza kutia, omena mmoja, omena mwingine, kwenye ile shingo nyembamba. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Mama angenifukuza kwenye ploti na nguo zangu zingenifuata kwa juu.

Mama wa hoteli siku hizi haoni vizuri. Nilimkuta Munyaka amekaa kwenye jua mlangoni, binti yake ndiye anayepika. Nilimwekea kibuyu mapajani bila kujitambulisha. Alipapasa mshono kwa kidole gumba, akakitikisa karibu na sikio, akakunja uso kwa kuwa sauti haikuwa ile anayoijua. Akakifungua, akanusa, akakisukuma mbali kwa mikono yote miwili.

"Weh!" akasema. "Umeniharibia kibuyu yangu!"

Kisha akakivuta tena, akakikumbatia, akamwita binti yake alete ungo.